Msumari Mmoja

Dilmurod alipoiona viza ya Ujerumani kwenye pasipoti, aliduwaa. Mama yake ndiye aliyepiga kelele, akakimbilia jikoni, akarudi na mkate wa duara, wa moto kabisa.

"Ng'ata!"

Ndiyo desturi kwao. Msafiri anang'ata, unaobaki unatundikwa ukutani mpaka arudi aumalize.

"Mama, safari mwezi wa kumi. Unanifukuza?"

"Ng'ata we mtoto, maneno mengi utawaambia Wajerumani!"

Akang'ata. Shida, msumari ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa umeshika mkate wa baba, aliyekwenda Urusi kutafuta kazi miaka tisa iliyopita. Umekauka kama kigae, alama za meno bado zipo. Mwaka wa tano sasa, hata simu hapigi.

Mama akamwona anavyoutazama. Akapanda kiti, akautoa, akaufuta vumbi taratibu kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Wa mwanawe akautundika palepale.

"Sasa wa baba utauweka wapi?"

"Mkate hautupwi, mwanangu. Teleka chai, tutauchovya."

Mama akaketi, akauvunjia gotini.