Kabla ya Kufunga Faili

Marehemu Shomvi alikuwa fundi wa kompyuta, na alimwachia mkewe, Bi Mkasi, programu ndogo aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Enzi za uhai wake, kila asubuhi aliingiza humo mstari mmoja, lile neno ambalo mkewe alikuwa amemgombeza nalo. Miaka tisa ya ugomvi ndani ya faili moja.

Rukia, aliyefanya kazi na marehemu, alimsomea Bi Mkasi mstari wa mwisho kwenye kompyuta. "Leo kaniambia nanuka vitunguu. Vitunguu kavikata yeye."

"Muongo huyo," Bi Mkasi alisema, akacheka mpaka mtandio ukamteleza. "Nataka kumjibu."

"Ngoja kwanza, mama." Rukia akabadilisha herufi moja kwenye programu. "Niliiweka isome tu. Sasa naiambia iongeze mwishoni; nikikosea herufi, itafuta yote ya zamani na kuanza upya."

Bi Mkasi akaandika taratibu, kwa kidole kimoja: Ulinuka kweli, na foronya yako bado inanuka. Sijaifua.

"Sasa bonyeza hapo ufunge faili. Usipofunga, maneno yako hayajahifadhiwa. Umeme ukikatika yamepotea."

"Nikifunga ndiyo tumemaliza kuongea?"

"Utafungua tena kesho."

"Na yeye kesho atakuwa na la kusema?"

Taa ya dari ilififia, ikarudi. Kidole cha Bi Mkasi kilikuwa juu ya kitufe, hakijagusa, na kwenye kioo cha kompyuta kistari cha kuonyesha pa kuandika, baada ya neno lake la mwisho, kiliendelea kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima.