Mume wa Kibandani

Nusu ya Clive Ogden ilikuwa jikoni, nusu nyingine ilikuwa nje mvuani, na mgongo wake ulikuwa umechagua dakika hiyo kukaza.

"Nivute," alimwambia mkewe.

"Nikikuvuta nitakuvunja," Lorraine alijibu, mikono imo kwenye povu la vyombo. "Tulia. Utalegea mwenyewe."

Dirisha la jikoni ndilo lililokuwa mlango wa Clive. Mlango wa mbele na wa nyuma yote ilionekana kutoka kwa Sheila, jirani yao, na pazia la Sheila halikuwahi kulala. Dirisha pekee lilifichwa na ukuta wa choo cha zamani.

Mambo yalianza mgongo ulipomgomea kwenye ghala la mazulia alikofanya kazi, mjini kwao Rochdale, Uingereza. Daktari alisema asibebe tena hata zulia la mlangoni. Clive akaanza kulipwa posho ya ugonjwa. Ndipo mtu mmoja baa akamtia kiwewe: shemeji yake alinyang'anywa posho yote kwa sababu mkewe alikuwa na kazi. Watu wakilala nyumba moja, alisema, serikali huwahesabu mfuko mmoja. Na Lorraine alikuwa dereva wa basi. Mshahara wake haukuwa mkubwa, lakini ulitosha kuiua posho.

Kwenda kuuliza ofisini Clive hakutaka. Mwizi haendi polisi kuuliza bei ya kuku.

"Basi itabidi uhame," Lorraine alisema. "Kajiandikishe kwamba unaishi kwa kaka yako Trevor. Kulala, utalala kibandani, bustanini. Nafasi ipo ukisogeza mashine ya kukatia nyasi."

"Na baridi?"

"Nitakufumia soksi."

Clive alilikokota godoro lake bustanini huku mgongo ukilia. Majira ya baridi yalikuja, yakaenda, yakaja tena. Jioni alikula kwa mkewe mapazia yakiwa yamefungwa, na taarifa ya habari ikianza tu, Lorraine alimwonyesha dirisha kwa kidole. Kwenye sheria alikuwa mkali kuliko serikali yenyewe. Mara moja theluji ilifika magotini, Clive akasihi aruhusiwe kulala japo kwenye kochi.

"Unataka tufungwe?" Lorraine aliuliza, akampa chupa ya maji ya moto.

Clive alimwonea huruma. Mwanamke analala peke yake kwenye kitanda kipana hivyo, halafu alfajiri anaamka kuendesha basi. Hata hivyo hakulalamika hata siku moja. Mashavu yalimjaa, weusi chini ya macho ukamtoka, mpaka madereva wenzake wakamwuliza anajipaka mafuta gani. Sheila naye aliacha kugonga ukuta akilalamikia mkoromo wa Clive. Huyu ndiye mke wa shida na raha, Clive alijiambia, akiongeza gunia juu ya blanketi.

Sasa, akiwa amening'inia, alisikia geti la nyuma likilia. Viatu vilikuja kwenye kokoto, vikasimama nyuma ya makalio yake.

"Samahani," ilisema sauti ya kijana. "Natoka ofisi ya posho. Namtafuta Bwana Clive Ogden."

Clive alihisi damu inamganda mpaka kwenye soksi. "Simjui. Mimi fundi wa madirisha."

"Umevaa pajama, mzee."

"Niliitwa kwa dharura."

Lorraine aliinamia sinki, mabega yakimtikisika. Maskini, Clive aliwaza, analia.

"Nimetoka kwa kaka yako Trevor," kijana aliendelea. "Amesema kama hupo kibandani, basi umekwama dirishani."

Clive alimlaani Trevor kimoyomoyo. Posho ndiyo hiyo imekwenda, na mahakama inafuata. Aliamua kufa kiume, kadiri mtu anavyoweza kufa kiume akiwa dirishani.

"Sikiliza, mwanangu. Huyu mwanamke hana kosa. Ni mke wangu, ndiyo. Anafanya kazi, ndiyo, na chakula chake nakula. Lakini silali humu. Kitandani kwake sijagusa hata mto. Nenda kibandani ukashike godoro langu, bado lina joto."

Kijana alijifuta mvua usoni.

"Kwa nini unalala kibandani?"

"Ili msinikatie posho."

"Nani akukatie? Mimi nimetumwa kuangalia kama mgongo bado unauma." Alimtazama tena, miguu mpaka kiuno. "Naona unauma."

"Na mshahara wa mke wangu?"

"Hautuhusu. Ipo posho inayoangalia mwenzako anaingiza nini, hiyo ndiyo watu wanaiogopa. Yako si hiyo. Wewe unalipwa kwa sababu ulichangia. Ulikatwa mshahara miaka yote uliyokaa ghalani. Mama huyu angekuwa na benki yake mwenyewe, bado ungelipwa hiyo hiyo. Lala unapotaka, mzee."

Akaaga, geti likalia, akaenda zake.

Clive alibaki akining'inia. Alizikumbuka baridi zote zile, harufu ya petroli ya mashine ya nyasi, na panya ambaye mwishowe alimpa jina. Machozi yalimlenga, ila hakujililia mwenyewe.

"Umesikia, Lorraine?" alisema. "Umelala peke yako muda wote huo kwa ajili yangu. Na hakuna hata mmoja aliyetuambia."

Lorraine alisuuza kikombe, akakipanga, akachukua kingine.

"Mimi waliniambia," alisema. "Niliwapigia simu kabla hujamaliza kutoa godoro."