Mkono wa Bi Mwanaheri

Msimu uliopita Bi Mwanaheri alipiga kelele jukwaani kwenye mashindano ya kuogelea, akiwasema waamuzi wanaofumbia macho makosa ya watoto wa wakubwa, hadi mwamuzi mkuu akamwambia, "Kama unajua sana, njoo usimame wewe." Akaja. Akasoma kanuni, akafanya mtihani, akajinunulia fulana nyeupe ya waamuzi.

Leo, katika shindano lake la kwanza, waogeleaji wa mtindo wa chura walipogeuka, msichana mmoja aligusa ukuta kwa mkono wa kulia peke yake. Kanuni inataka mikono yote miwili. Bi Mwanaheri akanyoosha mkono juu, ishara ya kosa.

Mwamuzi mkuu akaja mbio kando ya bwawa. "Shusha mkono, mama! Huyo binti wa mwenyekiti wa chama cha kuogelea."

"Kagusa kwa mmoja."

"Hulipwi hata senti, kimbelembele cha nini?"

"Ndiyo maana siushushi! Ungekuwa unanilipa, ungenitisha. Sasa utanifanya nini?"

Mkono ulibaki juu.

Msichana alikuwa amemaliza, kashikilia ukuta, anahema. Alimtazama Bi Mwanaheri, akautazama mkono wake mwenyewe wa kushoto, ule ambao haukugusa ukuta, kisha akautoa majini na kuuinua.