Kambi ya Shawish Hamdan

"Mwizi asipojitaja, hakuna atakayekula," alisema Shawish Hamdan, akaifunika sufuria ya uji.

Vijana walisimama mstarini, miguu mitupu, umande wa msitu wa Ngong umewalowesha hadi magotini. 

Kambi ile ilikuwa wazo lake mwenyewe. Ofisa wa Kizungu aliyeishi ng'ambo ya msitu alikuwa amewaita wazee wa Kinubi wa Kibra, kijiji cha askari wastaafu, akawafokea. Wiski yake ilikuwa ikipotea kabatini. Farasi wake alikuwa akitolewa bandani usiku, anakimbizwa ovyo, anarudishwa na povu mdomoni na majeraha ubavuni. Ni kazi ya vijana wenu, alisema, wana wa askari wasio na la kufanya. Mchezo huo ukiendelea, atafuta vibali vyao vya kukaa Kibra, na kila Mnubi atafute pengine pa kuishi.

Wazee waliinama. Hamdan, aliyekuwa shawish, yaani sajini, katika jeshi la Mfalme hadi goti lilipomharibikia, ndiye aliyesimama.

"Nipe hao vijana, Bwana. Nitawapeleka msituni, walale chini, wachote maji, wakate kuni. Nitawatia adabu kama nilivyotiwa mimi. Na mwizi atatoka."

Ofisa alilipenda wazo hilo hata akatoa mahema makuukuu. Akina mama wakatoa unga na sukari guru. Kaltuma peke yake aligoma kumtoa mwanawe Fadlalla.

"Mwanangu ana mdomo, Shawish, sikatai. Anajibizana hata na imamu. Lakini si mwizi."

"Basi unaogopa nini?"

Akamtoa.

Sasa jua lilikuwa limepanda na uji unapoa. Rehan, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, alianza kuyumba huku ameshika tumbo. Fadlalla akamtazama, kisha akatoka mstarini.

"Ni mimi. Mpe huyu uji."

Hamdan akamsogelea. "Farasi ulimpandaje?"

"Nilipanda tu."

"Na wiski?"

"Nilikunywa."

"Ina ladha gani?"

Fadlalla akafikiri kidogo. "Tamu. Kama sharubati."

Nyuma yake mtu alikohoa kuficha kicheko. Hamdan, ambaye hakuwa ameionja wiski maishani mwake, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Uji ukagawiwa. Fadlalla akapata viboko badala ya uji, na tangu hapo kazi yake ikawa kupandisha mawe kutoka mtoni hadi kambini, asubuhi na jioni. Kijana aliyejibizana na imamu sasa alikuwa akiitikia "Ndiyo, Shawish" na kuinama tena. Hamdan aliona jinsi msitu unavyomnyoosha mtu, na moyoni akaanza kumpenda. Akamfundisha kupiga saluti. Akamfundisha kuomba radhi bila kutazama chini.

"Siku ya kurudi utayasema mbele ya Bwana," alimwambia. "Ukiyasema vizuri, utakuwa umeiokoa Kibra nzima."

"Na mama atakuwapo?"

"Watu wote watakuwapo."

Siku hiyo waliteremka hadi uwanja wa Sarang'ombe kwa mwendo wa kijeshi, na wazazi wakapiga makofi. Kaltuma hakupiga. Aliiona mikono ya mwanawe, iliyochubuka hadi nyama, akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Gari la ofisa likasimama kando ya uwanja. Hamdan akanyoosha koti lake la zamani.

"Fadlalla! Mbele!"

Kijana akatoka, akapiga saluti, akamtazama Mzungu machoni.

"Bwana, mimi ndiye niliyekunywa wiski yako na kumwumiza farasi wako. Nimekosa. Naomba radhi."

Ofisa akawa mwekundu hadi masikioni. Aliitazama ile mikono, akamtazama Hamdan, kisha bila kumjibu kijana akarudi garini na kufungua mlango wa nyuma. Akashuka kijana wa Kizungu, mrefu kuliko vijana wote waliosimama pale, mkono umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni.

Ofisa akamvuta Hamdan pembeni.

"Jumapili yeye naanguka na farasi," alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. "Wiski iko kwa mfuko. Sasa wewe chukua hii kijana yangu, peleka yeye kwa kambi. Lakini hapana piga, Shawish. Yeye toto tu."