Jino la Mtani

Hata adhuhuri haijaadhiniwa, Nshoma alikwishasaga mahindi, akabadilisha mtungi wa gesi na kuchukua gauni kwa fundi. Siku ilimnyookea, basi akajitia moyo na kwenda kung'oa lile jino alilolikwepa mwaka mzima.

Hospitalini siku hizi hakuna ganzi. Kila mtu humwandikisha mtu mmoja wa kumbebea maumivu yake, popote alipo. Nshoma, Msukuma halisi, alikuwa amemwandikisha jirani yake Mwamvita, Mzaramo, kwa utani wa makabila yao tu. Jino likatoka huku akipiga soga na daktari.

Akarudi mbiombio. Mwamvita alikuwa kibarazani na tumbo lake la miezi tisa, kiganja shavuni, macho mekundu.

"Msukuma wee! Nimepiga yowe mpaka kuku wametawanyika!"

"Pole, mtani wangu! Si ndio utani wenyewe?" Nshoma alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwamvita naye akacheka, akajipangusa machozi.

"Ndio wenyewe. Mimi nami nilikuandikisha wewe. Kesho naingia leba, mtani. Mapacha."

Nshoma akalitazama lile tumbo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo, akakaa chini.