Hodi ya Ndani

Wageni waliokuja kumposa Rukia, mdogo wake Zamda, walipofika uani, mama alimwingiza Zamda chumbani akafunga mlango kwa ufunguo. Zamda ana miaka thelathini na mbili. Asubuhi hiyo alikuwa amesukuma chapati ishirini bila kusaidiwa na mtu, kama anavyofundishwa kwenye kituo cha watu wenye ulemavu wa akili, na unga ulikuwa bado umemganda vidoleni.

Sebuleni, mama wa mchumba alitafuna, akasifu. "Laini kama pamba! Nani kazipika?"

"Mkweo huyohuyo," mama akajibu. "Rukia wangu jikoni humwambii kitu."

Rukia akacheka kidogo. Hakukanusha.

Zamda akainuka. Kituoni walimfundisha adabu za mlango: ubishe hodi mara tatu, ukikaribishwa utaje jina lako.

"Hodi," akasema, akigonga kutoka ndani.

Mazungumzo yakakatika. "Kuna mtu humo?" mgeni akauliza.

"Ni redio tu, mama," Rukia akawahi kujibu.

"Hodi."

Mama akakohoa kwa nguvu, akahimiza watu wanywe chai isipoe.

"Hodi!"

Hakuna aliyesema karibu. Kituoni walimfundisha pia kwamba asiyejibiwa mara tatu aondoke zake, bila kinyongo. Zamda akashusha mkono. Akaugeukia ukuta, kisha dirisha lenye nondo, kisha ukuta tena, akitafuta pa kuondokea.