Kitufe cha Kando

Wasifu wa marehemu ulifutika wote Yusta alipokosea kitufe kimoja. Kompyuta ya steshenari alikofanya kazi ya kuchapa ilikuwa mpya, ya aina nyingine kabisa, na mzee aliyeketi kando yake alikuwa amemsimulia kwa shida maisha ya mkewe, huyo marehemu. Waombolezaji walikuwa wakimsubiri mzee huyo kijijini Ubaruku.

Yusta akabonyeza Ctrl na Z, vitufe alivyozoea kurudishia maandishi yaliyofutika. Kioo kikabaki cheupe.

“Nianze upya, mwanangu?” mzee akauliza. “Sidhani kama nitaweza.”

“Subiri kidogo, baba.”

Akakumbuka kwamba kwenye mashine hii kazi ya Ctrl ilihamia kwenye kitufe kilicho kando ya kile kirefu cha nafasi. Akakunja kidole gumba, akabonyeza kitufe kile kigeni pamoja na Z.

Maneno yakarudi, jina la marehemu likiwa juu kabisa. Mzee akavua kofia.